Aliyevuta na Aliyesindikiza

Jumamosi usiku, Nkuhungu, Dodoma

Viganja vyangu vinawaka. Lengelenge lililokuwa chini ya kidole cha pete limepasuka leo asubuhi, na ingawa nimeliosha kwa maji ya chumvi na kulipaka mafuta ya nazi, kila ninapokunja mkono ngozi hunikumbusha kamba ya katani. Ninaandika polepole, lakini sitaki siku hii ipite bila kuandikwa, kwa sababu wiki nne za mazoezi ya kuvuta kamba zimenionyesha jambo kuhusu wenzangu, na zaidi kuhusu nafsi yangu, ambalo miaka yote ya kukaa ofisi moja haikuwahi kunionyesha.

Nilihamia Dodoma mwaka 2017, wakati ofisi za Serikali zilipokuwa zikihamishwa kutoka Dar es Salaam kutekeleza uamuzi uliokuwa umepitishwa tangu 1973. Tulikuja kundi zima, tukapanga nyumba katika mitaa tofauti, tukajifunza kuvumilia upepo wa Julai na vumbi lake, na ofisini tukaendelea kukaa na watu walewale. Niliamini nawafahamu. Nilijua nani hukopa katikati ya mwezi na nani hulipa, nani husaini daftari la mahudhurio kisha akatoweka, nani hunyamaza kwenye kikao halafu akasema yote kwenye ngazi. Kisha jina langu likaandikwa katika timu ya kamba ya wanawake kwa ajili ya Mei Mosi. Kwa watumishi wa umma kamba si mchezo mdogo. Kwenye Mei Mosi na kwenye SHIMIWI, michezo ya wizara na idara za Serikali, hushindaniwa kwa ukali uleule wa mpira wa miguu na netiboli, na timu iliyotolewa kwa mivuto miwili kwa bila huisikia habari hiyo kwenye korido kwa muda mrefu.

Anayetufundisha ni mzee mstaafu wa jeshi ambaye sote tunamwita Afande. Hana maneno mengi. Siku ya kwanza alituambia kwamba kamba haivutwi kwa mikono: mikono hushika tu, ikiwa imenyooka, na kazi yote hufanywa na miguu na mgongo, mwili ukiwa umelala nyuma na visigino vikiwa vimezama ardhini. Akisema "shika" tunaiinua kamba, akisema "kaza" tunaondoa ulegevu wote, akisema "vuta" tunapiga hatua moja ndogo nyuma, wote wanane kwa pumzi moja. Ukipiga hatua yako nusu sekunde baada ya wenzako umewaongezea mzigo.

Hilo la pumzi moja nililifahamu tangu utotoni. Nimekulia Tanga, na asubuhi tulikuwa tukienda ufukweni kuwatazama wavuvi wakikokota juya. Mmoja aliimba, wengine wakaitikia, na miguu yote ikarudi nyuma kwenye mchanga palepale kiitikio kilipoangukia. Nilipokuwa mtoto nilidhani waliimba kwa furaha. Sasa naona kwamba wimbo ule ulikuwa chombo cha kazi kama lilivyokuwa juya lenyewe, kwa maana bila wimbo watu ishirini wenye nguvu huvuta kwa nyakati ishirini, na nguvu zao huishia kwenye kamba kabla hazijafika kwenye wavu.

Jumamosi iliyopita tulicheza mechi ya kirafiki na timu ya ofisi jirani, kwenye kiwanja cha shule, baada ya mvua ya usiku. Tulishindwa mivuto yote miwili. Mvuto wa pili ulikuwa na aibu zaidi, kwa sababu tulisimama imara kwa muda mrefu kisha tukaanza kuteleza taratibu, kama gari lililoachwa bila breki kwenye mteremko. Nilipoinuka nilikuwa na hasira. Nilisema, tena kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, kwamba huko nyuma kuna watu wanategea, kwamba haiwezekani mtu upige kelele mpaka koo likauke huku wengine wameshika kamba kama wanaanika nguo. Hakuna aliyenijibu. Dada wa masijala aliinama akafunga kamba za raba zake.

Afande naye hakunijibu. Alituita tusogee, akachuchumaa pale tulipokuwa tumesimama, akaanza kutazama udongo. Udongo wa Dodoma ukiwa mkavu ni vumbi jekundu lisilotunza kitu, lakini baada ya mvua hushika alama kama unga uliokandwa. Kwenye nafasi nyingi kulikuwa na mifereji miwili iliyochimbwa na visigino. Alianza na nafasi ya mwisho. Mifereji ilikuwa mirefu, na mwanzoni mwake kulikuwa na shimo ambalo lingemeza ngumi. Akaligusa kwa kidole. "Huyu alivuta." Akasogea. "Huyu alivuta. Huyu alivuta mwanzo, akachoka." Alipofika karibu na mbele alikaa kidogo. Hapakuwa na mifereji. Kulikuwa na nyayo nzima, bapa, moja mbele ya nyingine, za mtu aliyerudi nyuma na baadaye akaenda mbele kwa kufuata kamba ilikoelekea. Soli ilikuwa imechora nyota ndogondogo kwenye udongo.

"Huyu alisindikiza," akasema.

Hakuuliza ni nani. Raba zenye nyota kwenye soli ni zangu, nilizinunua soko la Sabasaba mwezi wa pili, na nilipozitazama nyota zile nilihisi damu imenipanda usoni. Mimi niliyepiga kelele kuliko wote ndiye niliyesindikiza. Sikuwa nimekusudia. Ningeweza kuapa kwamba nilivuta kwa nguvu zangu zote; koo lilikuwa linauma, jasho lilikuwa linatiririka, na moyo ulikuwa unadunda kama wa mtu aliyefanya kazi.

Afande aliendelea hadi nafasi ya dada wa masijala, na hapo pia alikuta nyayo za juujuu. Akasema neno lilelile. Safari hii dada aliongea, bila kuinua macho. Alisema mtoto wake amelazwa tangu Alhamisi, amekesha naye wodini siku mbili, na amekuja uwanjani moja kwa moja kutoka hospitalini kwa sababu bila yeye tungekuwa saba. Sote tulinyamaza. Afande aliinuka, akajifuta mikono kwenye suruali. "Pole sana, mwanangu. Hilo udongo haukuniambia."

Nimelifikiria neno hilo wiki nzima, labda kuliko hata neno lililonihusu mimi. Watu husema kwamba ukitaka kumjua mtu cheza naye, na nusu ya usemi huo naikubali kwa moyo wote, kwa kuwa mchezo huvua adabu tunayoivaa kazini na kuuacha mwili useme. Lakini mwili ule husema tendo tu. Nyayo zangu na za dada yule zilifanana kabisa kwenye udongo. Yangu ilikuwa kutegea na yake ilikuwa uchovu wa mama aliyekesha na bado akaja. Kama Afande angesoma ardhi akaenda zake, sisi wawili tungeandikwa kwenye fungu moja, na ingekuwa dhuluma kwake.

Usiku ule nilirudi kwenye maandishi ya saikolojia niliyoyasoma zamani chuoni. Nilikumbuka habari za Maximilien Ringelmann, Mfaransa aliyekuwa mhandisi wa kilimo, ambaye katika miaka ya 1880 aliwavutisha watu kamba na kupima nguvu yao kwa kipimio, kisha akachapisha matokeo mwaka 1913. Aligundua kwamba kadiri watu wanavyoongezwa kwenye kamba ndivyo kila mmoja anavyotoa pungufu, hadi wakifika wanane kila mtu hutoa takribani nusu ya kile anachotoa akiwa peke yake. Wanane ndio sisi. Sehemu ya upotevu huo ilitokana na kutopatana kwa wakati, jambo ambalo wavuvi wa Tanga waliliponya kwa wimbo. Ila si yote. Mwaka 1974 nchini Marekani, Alan Ingham na wenzake walimweka mtu mbele kabisa ya kamba, wakamfunga macho na kumwambia kwamba nyuma yake kuna wengine wanaovuta, ilhali hapakuwa na yeyote anayevuta. Naye alivuta pungufu. Kuamini tu kwamba wapo wenzake kulitosha kuilegeza mikono yake, na hapakuwa na hatua ya mtu mwingine ya kuilaumu.

Nilisoma sehemu hiyo mara mbili. Nafasi yangu kwenye timu ni ya pili kutoka mbele. Wenzangu sita wako nyuma yangu, siwaoni, ninawasikia tu wakihema.

Jumanne Afande alikuja na kapi. Aliifunga kwenye tawi la mkwaju ulio pembeni ya kiwanja, akapitisha kamba, akaning'iniza gunia la mchanga, na akamtaka kila mmoja wetu alivute peke yake hadi liguse tawi, wengine wakiwa wamekaa kwenye nyasi wanatazama. Nilipoitwa miguu ilinilegea. Hapakuwa na mtu wa kupigiwa kelele. Kulikuwa na gunia, kamba na macho ya wanawake saba, na nilipolala nyuma nilisikia kisigino cha kulia kikizama, kitu ambacho sikuwahi kukihisi tangu mazoezi yaanze. Gunia lilipanda. Lilipanda kwa shida, likasimama katikati kwa muda ulioonekana kuwa mrefu sana, likapanda tena. Kwa hiyo nguvu nilikuwa nazo. Nilipokaa chini nilianza kutetemeka, na dada wa mapokezi, ambaye kwa miaka mingi sijazungumza naye zaidi ya salamu, alinisogezea chupa yake ya maji bila kusema neno.

Hapo ndipo nilipoelewa kelele zangu. Nilikuwa nikilipa kwa sauti deni la miguu. Kila niliposikia sauti yangu mwenyewe ikihimiza niliridhika kwamba ninafanya kazi, na mwili, ukiwa umesharidhishwa, ulipumzika. Naogopa kuhesabu ni vikao vingapi nimefanya hivyohivyo. Kuna taarifa ya robo mwaka tuliyoiandaa kamati ya watu wanane, na jana niliifungua nikatafuta aya nilizoziandika kwa mkono wangu. Nilikumbuka vizuri jinsi nilivyosisitiza tarehe ya mwisho, jinsi nilivyokumbusha kwenye kundi la simu, jinsi nilivyomlaumu afisa mmoja kwa kuchelewa. Aya zilikuwa mbili.

Asubuhi moja ya Septemba 2025 tulikusanyika kwenye chai kutazama, kwenye simu ya dereva, dakika ya mwisho ya marathoni ya Tokyo, ambapo Alphonce Simbu, kijana wa Singida hapa jirani, alimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari na kuipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza kabisa katika mashindano ya dunia ya riadha. Baada ya zaidi ya saa mbili za kukimbia walitenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Nililia siku ile, na nilidhani ni uzalendo tu. Sasa nadhani kulikuwa na kitu kingine: yule alikuwa mtu ambaye hana mwenzake wa kujificha nyuma yake, na hata hivyo alikuwa ameweka akiba ya kutoa.

Leo Afande alibadilisha utaratibu. Alitupanga wawili wawili, kila mmoja akapewa mwenzake wa kusomewa nyayo baada ya kila mvuto, na akaniambia nisitoe sauti yoyote isipokuwa ya kuhema. Aliyepangwa kusoma zangu ni dada wa masijala. Mtoto wake ameruhusiwa kurudi nyumbani Alhamisi, na nilipomwomba radhi kwa maneno ya wiki iliyopita alisema, "Yameisha hayo, dada yangu, shika kamba." Tulivuta mara tatu dhidi ya madereva. Mara mbili walituburuza. Mara ya tatu kamba ilikaa mahali pamoja, haiji wala haiendi, na katika ukimya wangu niliwasikia wenzangu sita mmoja mmoja, nani anahema kwa haraka, nani anasaga meno, nani anasema jina la Mungu chinichini, hadi mwamuzi alipopuliza filimbi na kuonyesha upande wetu.

Mvua ilikuwa imeshaanza kudondoka kutoka upande wa Mlimwa. Dada wa masijala alikimbia kwenye nafasi yangu akainama, na mimi nikamfuata, lakini ilishuka kwa nguvu na ghafla kama zinavyoshuka mvua za hapa, na tulipofika maji yalikuwa yamejaa kwenye kila alama. Alitumbukiza mkono ndani ya maji mekundu akapapasa chini.

"Kuna shimo hapa," alisema, "ila sijui kama ni lako au la mtu wa nyuma yako."

Tukakimbilia chini ya mkwaju.