Llanidloes hadi Machynlleth kwa miguu: kijani si njia

Kwenye ramani ya Wales ya kipimo cha 1:25,000, vistari vya kijani na vistari vyeusi havisemi jambo moja. Kijani ni haki: sheria inakuruhusu kupita hapo, hata kama ni katikati ya malisho ya mtu. Cheusi ni njia yenyewe, ile iliyoonekana ardhini. Palipo na kijani bila cheusi, ruhusa unayo, lakini pa kukanyaga unatafuta mwenyewe. Mimi nililisoma hilo baada ya safari, na kwenye kipande cha kilomita mbili juu ya kijiji cha Dylife nilitumia saa mbili na nusu.

Njia yenyewe inaitwa Glyndŵr's Way. Ina kilomita 217, kutoka Knighton, kupitia Machynlleth, hadi Welshpool. Ilitangazwa kuwa njia ya taifa mwaka 2000, miaka mia sita tangu Owain Glyndŵr aanzishe uasi wake dhidi ya Waingereza. Alama yake ni tunda la mwaloni. Nilichukua kipande cha siku mbili, kutoka mji mdogo wa Llanidloes. Treni ya abiria haifiki Llanidloes tangu 1962. Unashuka Caersws na kusubiri basi, nalo basi usilikose. Ramani unahitaji mbili, namba 214 na 215, kwa sababu njia inavuka ukingo wa moja kuingia nyingine. Ukijumlisha bei zake na chumba cha usiku mmoja kwenye nyumba ya wageni, chumba ambacho kitanda kilikuwa kifupi na maji ya moto yalikwisha kabla ya sabuni kutoka mwilini, tayari umetumia fedha nyingi kabla ya hatua ya kwanza.

Siku ya kwanza, kilomita 26 hivi, haina taabu. Unazunguka bwawa la Clywedog, lenye ukuta wa zege wa mita 72 uliokamilika 1967, unapita pembeni mwa msitu wa Hafren kwenye barabara za changarawe, unafika Dylife.

Dylife palikuwa na machimbo ya risasi, yaani madini, na katika karne ya 19 kilikuwa kijiji kikubwa. Leo kuna nyumba chache na vilima vya kifusi cha kijivu ambavyo hata nyasi haziotei. Kifusi hicho ndicho kinachokuonya kuhusu maji. Usijaze chupa kwenye kijito chochote kinachopita chini ya machimbo. Kuchemsha kunaua vijidudu, na vidonge vya kusafishia maji vivyo hivyo, lakini risasi haichemki ikaondoka. Beba lita mbili kutoka ulikolala.

Sasa kile kipande. Asubuhi ukungu ulishuka hadi usawa wa magoti, na baada ya mgongo wa Pen Dylife nikafuata kijia kilichokuwa wazi kabisa. Kilikuwa cha kondoo. Kondoo wa Wales wana njia nzuri kuliko za watu, na mgeni anazifuata kwa moyo mweupe. Tofauti zake zinaonekana ukijua pa kutazama. Kijia cha kondoo hakizidi upana wa shibiri, kinakata ubavu wa kilima bila kupanda wala kushuka, kinagawanyika mara mbili, kisha mara nne, na mwisho kinayeyuka palipo na majani matamu. Hakipiti getini, maana kondoo hafungui geti. Ukitembea robo saa bila kuona geti, nguzo wala ngazi ya kuvukia uzio, uko kwenye njia ya mifugo.

Kijia changu kiliishia kwenye kinamasi. Wales ya kati inapata mvua nyingi, mwamba wa chini haupitishi maji, na maji yaliyotuama, pamoja na baridi, yanazuia mimea kuoza. Inajilundika kuwa mboji nyeusi iliyoshiba maji, kwa wastani wa milimita moja kwa mwaka. Shimo la mita moja, basi, ni kazi ya miaka elfu. Mguu wangu wa kulia uliingia hadi juu ya goti.

Kilichonitoa ni hiki. Usivute mguu moja kwa moja juu, kwa sababu chini yake kunabaki uwazi usio na hewa unaounyonya, na kiatu ndicho kitakachobaki. Kaa nyuma, au lala kifudifudi juu ya kichuguu cha nyasi, ili uzito usambae. Tikisa kisigino taratibu, mbele na nyuma, mpaka usikie maji yakiingia pembeni ya kiatu. Hapo ndipo unavuta, ukitanguliza kisigino. Kamba za kiatu ziwe zimekazwa tangu asubuhi. Fimbo ya kutembelea, ikilazwa bapa juu ya nyasi, inakuwa mahali pa kushika.

Kabla ya kukanyaga, soma mimea. Kuvumwani ya kijani inayong'aa kama kitambaa kipya inaelea juu ya maji, izunguke. Nyasi zenye vishungi vyeupe kama pamba ya mkulima zinaota kwenye mboji yenye kina. Matete membamba yana maji, lakini chini yake mara nyingi pagumu. Kangaga anataka udongo usiotuamisha maji, kwa hiyo palipo na kangaga pita bila hofu, ila kagua kupe jioni, nyuma ya goti na kiunoni. Erika, kichaka kifupi chenye maua madogo, na vichaka vya beri nyeusi ni pakavu. Baya kuliko yote, kwa maoni yangu, ni nyasi za vichuguu: si hatari, lakini kila kichuguu kinayumba, na mwendo wa kilomita nne kwa saa unashuka hadi moja na nusu. Kanuni ya Naismith ya 1892, saa moja kwa kila kilomita tano na dakika kumi kwa kila mita mia za kupanda, inakupa karibu saa sita kutoka Dylife hadi Machynlleth ukikadiria mpando wa mita 700. Ongeza nusu yake. Kanuni ile haikuhesabu vichuguu.

Simu haikuwa na mtandao. Nilichofanya ni kutafuta kitu kirefu ambacho ramani imekichora. Uzio unatosha. Nikapima kwa dira, nikatembea kuelekea upande ambao ningegonga uzio popote pale, kisha nikaufuata mpaka barabara ya changarawe ya ziwa Glaslyn. Jifunze pia maneno machache ya Kiwelisi, kwa kuwa ramani imeshakuonya kwa lugha hiyo: *cors* ni kinamasi, *bwlch* ni pito kati ya vilima, *foel* ni kilima kipara, *nant* ni kijito.

Glaslyn iko kwenye hifadhi ya erika, na ukungu ulipoinuka nilisimama muda mrefu. Uwanda ule nimeuona Horombo, mita 3,720, njia ya Marangu. Erika za Kilimanjaro ni ndugu za hizi, ndefu zaidi. Hapa zipo karibu na mita 500 tu, kwa kuwa ukifika latitudo ya 52 baridi inakufuata hadi chini.

Kutoka ziwani njia inateremka ghafla kando ya Foel Fadian, mita 564, kwenye korongo la mawe ya sleti yaliyovunjika. Shuka kwa hatua fupi, magoti yamelegea, na watu wawili wasipite mmoja juu ya mwingine, kwa sababu jiwe likiteleza linafika. Chini ni mashamba ya bonde la Dulas. Kila geti liache ulivyolikuta. Ng'ombe mwenye ndama mzungukie mbali, na ukiwa na mbwa, ng'ombe wakikufukuza mwachie mbwa kamba.

Katika malisho yale nilifikiria nyumbani. Kwetu njia ya miguu iko ardhini, imekanyagwa na wanaokwenda kisimani na shuleni, nyeupe na ngumu kama sakafu, lakini haimo kwenye karatasi yoyote. Siku mtu akiweka seng'enge, imekwisha, na watoto wanazunguka kilomita nzima. Huku sheria ya 1949 iliziagiza halmashauri za kaunti zichore kila njia ya umma kwenye ramani rasmi, na mwenye shamba hawezi kuifunga kwa sababu tu majani yameifunika. Nyayo tunazo sisi. Karatasi wanayo wao.

Machynlleth unaingia kwa ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, zinazoteleza mvua ikinyesha; shika ukuta. Mjini ndipo Glyndŵr alipoitisha bunge lake mwaka 1404. Chai na kipande cha keki vilinigharimu bei ya mlo kamili wa Moshi, na kiti kilikuwa cha chuma, nje, kwenye upepo. Stesheni iko mwisho wa mji, upande wa kaskazini. Treni zilikuwa kila baada ya saa mbili hivi. Nilivua soksi, nikazikamua, nikasubiri ya saa kumi na mbili.