Duc de Duras: meli ya mizigo iliyovalishwa mizinga
Wengi husifu ushindi wa Bonhomme Richard, manowari ya Wamarekani katika vita vyao vya uhuru dhidi ya Uingereza. Mimi natazama meli yenyewe. Ilikuwa Duc de Duras, meli ya biashara ya Ufaransa, kuukuu tayari John Paul Jones, nahodha wa jeshi la majini la Marekani, alipokabidhiwa mwaka 1779. Mizinga sita ya ratili 18 (uzito wa tufe linalorushwa) aliiweka sitaha ya chini, matundu yake karibu mno na maji. Tarehe 23 Septemba, akipigana na manowari ya Waingereza Serapis nje ya Flamborough Head, rasi ya Uingereza, miwili ilipasuka mapema tu, ikaua wapigaji wake. Iliyobaki ikaachwa. Serapis ilikuwa nayo 20 ya ratili hizo! Dawa ikawa kuzifunga meli ubavu kwa ubavu. Guruneti moja kutoka kwenye foromali (boriti ya tanga) ya meli ya Jones ikatumbukia mlangoni mwa sitaha ya Serapis, ikawasha mafungu ya baruti. Jones akashinda, akahamia humo. Meli yake mwenyewe, ngama (sehemu ya chini kabisa) tele maji, pampu zimeshindwa, ikazama tarehe 25.