Tunavyoshinda Helsinki: barua kwa ndugu wa nyumbani

Shikamooni wakubwa, na wadogo zetu hamjambo. Katika kila simu kutoka Tanga au Dar es Salaam swali ni hilohilo, kwamba huku Ufini tunashindaje, na jibu letu limekuwa fupi mno: hatujambo, baridi ipo, watoto wanasoma. Jibu hilo ni la kweli lakini halimwambii mtu kitu. Picha nazo hazisaidii sana, kwa kuwa hakuna anayepiga picha ya rundo la nguo chafu au ya mtoto aliyegoma kuvaa soksi, hivyo mnachokiona ni theluji na makoti mapya. Leo nimeona niwaeleze siku ya kawaida ya majira ya baridi, maana ndiyo inayowatia wasiwasi.

Nyote mnaulizia baridi, lakini baridi ina dawa yake, nayo ni nguo. Kinachotaabisha ni giza. Helsinki ipo karibu na nyuzi 60 kaskazini mwa ikweta, na katikati ya Desemba jua huchomoza kama saa tatu na nusu asubuhi na kuzama saa tisa na robo alasiri, tena siku nyingi linafichwa na mawingu kwa muda wote huo. Sisi tuliokulia mahali ambapo saa moja asubuhi ni jua na saa moja jioni ni giza, mwaka mzima, tunalazimika kuiamini saa ya ukutani hata pale mwili unapokataa. Watoto wanapewa matone ya vitamini D kila siku kama wataalamu wa afya wanavyoagiza, na kwenye koti la kila mmoja wetu kunaning'inia kiakisi mwanga ili madereva watuone, jambo ambalo sheria inamtaka kila atembeaye kwa miguu gizani alizingatie. Juni mambo hugeuka kabisa: mchana unakaribia saa 19, na kazi inakuwa kumshawishi mtoto alale wakati dirishani kunang'aa kama alasiri.

Asubuhi huanza kwa kuvaa, na kuvaa kwenyewe ni kazi ya watu wawili. Mdogo anavishwa nguo za ndani za sufu, soksi za sufu, sweta, kisha ovaroli nene lililoandikwa jina lake, buti, kitambaa cha shingo, kofia inayoziba masikio, na mwisho glovu, ambazo zikivalishwa mapema atazivua ili afunge zipu mwenyewe. Zipu ikishafika kidevuni, mlango umefunguliwa, funguo ziko mkononi, ndipo anapotangaza kwamba amebanwa na mkojo. Baba yake amekwisha kujifunza kutokasirika, mimi bado. Bibi yao aliwahi kuishuhudia shughuli hiyo kwa simu ya video akauliza kama mtoto anapelekwa vitani.

Anapelekwa chekechea, na huko, mvua inyeshe au theluji ianguke, watoto hutolewa nje kucheza. Mtoto mchanga kulazwa nje kwenye kigari chake wakati wa baridi, akiwa amefunikwa vizuri, ni jambo la kawaida kwa wenyeji, ingawa najua shangazi zangu wangelipigia kelele mtaa mzima. Jioni ovaroli linarudi limelowa na tope, linaningʼinizwa likauke, na kesho tunaanza upya.

Mkubwa alianza darasa la kwanza akiwa na miaka saba, ambao ndio umri wa kawaida huku, na huenda shuleni peke yake kwa miguu, ufunguo wa nyumba ukiwa shingoni. Najua Mjomba hajaridhika na jambo hili, na kusema kweli wiki za mwanzo nilikuwa namfuata kwa mbali nikijifanya naelekea kituo cha basi. Lakini ndivyo watoto wote wafanyavyo, na barabara wanazopita magari husimama. Chakula cha mchana anakula shuleni bila malipo, kama wanafunzi wote nchini, utaratibu uliopo tangu mwaka 1948. Kwa hiyo msimwulize tena nani anampikia. Anakula vizuri kuliko sisi wafanyakazi.

Kadiri ninavyokaa huku ndivyo ninavyozidi kuona kwamba kazi nyingi ambazo nyumbani hufanywa na ndugu, huku zimekabidhiwa sheria na jiji. Mfano mzuri ni mtoto anapougua. Nyumbani akiamka na homa, unampitisha kwa shangazi yake, unakwenda kazini, na mchana unapigiwa simu kwamba amekunywa uji. Huku hatuna shangazi hata mmoja. Badala yake, sheria inampa mzazi ruhusa ya kubaki nyumbani hadi siku nne za kazi mtoto wa chini ya miaka kumi anapougua ghafla, na mwajiri hawezi kumkatalia. Nimeitumia ruhusa hiyo na naishukuru. Hata hivyo, ruhusa haikai na mtoto ili wewe ulale kidogo, wala haikuambii kwamba homa kama hiyo uliwahi kuugua wewe ukiwa na umri uleule. Kwa hayo tunawategemea ninyi na simu zenu.

Mama ameniuliza mara nyingi kuhusu kazi yangu, nami nimekuwa nikiikwepa, kwa hiyo nitaieleza hapa kwa utulivu. Nawahudumia wazee majumbani mwao, kwa niaba ya jiji. Naingia kwa mzee, nampa dawa zake, napima shinikizo la damu, nampashia chakula, namvalisha soksi zile za kubana miguu ambazo hawezi kuzivuta mwenyewe, naandika kwenye simu ya kazi nilichofanya, kisha naelekea kwa mwingine. Wengi wanaishi peke yao. Swali la Mama lilikuwa, "Kwani hawana watoto?" Wanao, Mama, tena wengi wao wanapendwa sana, watoto wanapiga simu, wanakuja sikukuu, wanaleta wajukuu. Ila wanaishi miji mingine, na wazee niliozungumza nao hawataki kuhamia kwa watoto wao hata wakiombwa. Mmoja aliniambia kwamba akihamia kwa binti yake atakuwa mgeni mpaka afe, ilhali pale alipo ni nyumbani kwake.

Nililifikiria sana jibu lile. Sitaki niwadanganye kwamba upweke haupo, maana kuna nyumba ambazo mimi ndiye mtu pekee anayeingia siku hiyo, na muda niliopangiwa hautoshi hata kunywa kahawa ninayokaribishwa. Wakati huohuo nimeona wazee wanaopata dawa kwa saa bila kukosa, na wenye usemi juu ya mlango wao wenyewe. Nyumbani tuna wazee waliozungukwa na watu siku nzima, na bado hakuna anayejua dawa ya shinikizo imekwisha lini. Mnaoishi na Bibi mkubwa nadhani mmenielewa, na wala sijamtaja mtu.

Ujirani nao ni wa aina yake. Katika ghorofa letu watu husalimiana kwa kutikisa kichwa, na hakuna anayebisha hodi bila taarifa. Kufua kunafanyika chumba cha chini ambacho kila nyumba hujiandikia saa yake, na atakayeingia katika saa ya mwenzake ndiye atakayesemwa. Sauna ya jengo pia ina zamu. Yetu ni Ijumaa, na watoto wanaipenda kuliko televisheni.

Mtakaosikia mkubwa akijisifu kwamba ana biashara, mjue ni chupa. Kila kopo la kinywaji lina amana ya senti 15 za yuro, chupa ya plastiki ya nusu lita senti 20 na ya lita moja na nusu senti 40, na dukani kuna mashine inayozimeza moja baada ya nyingine na kutoa risiti ya kulipwa. Ni kama kurudisha chupa za soda kwa Mangi mwenye duka la mtaani, ila mashine haikuandikii daftari. Mtoto anaweka akiba ya mpira. Kuhusu fedha za wakubwa, naomba mtu asichukue mshahara wa huku akauzidisha kwa shilingi kisha akaupangia matumizi kabla kodi ya mapato, pango la nyumba na ada ya chekechea hazijatolewa. Mengine kuhusu hilo tutazungumza faragha, nami sijakataa mchango wa harusi.

Sasa suala la saa za kupiga simu. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi tuko nyuma yenu kwa saa moja. Miezi mingine yote saa zetu na zenu ni sawa. Watoto hulala saa mbili usiku kwa saa za huku, ambazo wakati wa baridi ni saa tatu kwenu, kwa hiyo anayewataka awahi. Jumamosi na Jumapili pigeni muda wowote baada ya saa nne asubuhi. Na simu ianze kwa Bibi, kwa sababu bando likiisha katikati, ninyi wengine mnaweza kuandika ujumbe.