Kuuza picha za Fort Jesus na KICC: kibali unakiomba kwa nani?

Tiketi ya Fort Jesus, ngome kongwe ya Mombasa, inakuruhusu kuingia, kutazama na kupiga picha za kumbukumbu. Kuzigeuza picha hizo kuwa kadi, kalenda au tangazo la hoteli ni suala jingine. Wapiga picha wengi hukwama hapa: wanajua hakimiliki ya picha ni yao, na kweli ni yao, wakadhani hakuna mwingine wa kuulizwa. Wapo watatu: mwenye mahali, mwenye kazi ya sanaa iliyomo pichani, na mtu ambaye sura yake inatambulika.

Anza na mahali uliposimama. Ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa hiyo hakimiliki ya usanifu wake haipo. Lakini inasimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na anayekufungulia lango ana haki ya kukuwekea masharti. Ukiipiga kutoka barabarani au ukiwa kwenye mashua baharini, hukupita langoni, basi masharti ya lango hayakuhusu. KICC, jumba la mikutano la kimataifa la Nairobi, ni vivyo hivyo: kulipiga jengo ukiwa barabara ya City Hall Way ni jambo moja, kulipa ili upande hadi juu ya paa ili upige mandhari ya Nairobi ni jingine. Huko juu uko kwa mwenyewe.

Tofauti ni kwamba KICC ilikamilika 1973. Kenya hulinda kazi ya sanaa maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, na usanifu wa majengo umo. Kinachokusaidia ni Sheria ya Hakimiliki ya 2001, inayoruhusu kunakili na kusambaza nakala za kazi ya sanaa iliyowekwa mahali ambapo umma unaweza kuiona. Usiivute sheria hiyo kupita kiasi. Mchoro wa ubavuni mwa matatu hauna mahali pamoja unapokaa. Ukitaka kuuza picha ambayo mchoro huo ndio kiini chake, mtafute mchoraji. Mara nyingi jina lake liko pale pale kwenye bodi.

Maombi ya kibali yawe kwa maandishi, na mapema. Taja picha za nini, tarehe, idadi ya watu utakaokuja nao na vifaa, hasa stendi na taa. Kisha utaje bidhaa: kalenda, kitabu, tangazo, nakala ngapi, zitauzwa nchi gani, kwa muda gani. Barua isemayo tu “naomba kupiga picha” itajibiwa kwa ruhusa ya kupiga picha, na mteja wako akihitaji ushahidi wa haki ya kuuza, huna. Kosa jingine la kawaida ni kuridhika na neno la askari wa langoni. Hana mamlaka hayo, hata akikukubalia kwa moyo mweupe. Ada ikilipwa, dai risiti yenye namba ya kibali.

Kwa watu, sikubali mzaha hata kidogo. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakataza kutumia taarifa za mtu kibiashara bila idhini yake ya wazi, na sura ya mtu ni taarifa zake. Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini.

Kwa hiyo muuza kahawa wa Mji wa Kale, dele mkononi, anastahili fomu yake ya idhini: jina, tarehe, mahali, matumizi, malipo, sahihi yake na ya shahidi. Msomee kwa Kiswahili kabla hajatia sahihi, kwani fomu za mitandao ya kuuzia picha kama Shutterstock kwa kawaida huwa za Kiingereza. Kila mtu na fomu yake. Mtoto hutiliwa sahihi na mzazi au mlezi; mwalimu aliyewaleta kwenye ziara hatoshi.

Usipopata sahihi, picha bado inaweza kuingia kwenye kundi la matumizi ya habari, yaani magazeti na vitabu vya elimu, ila si matangazo. Skani fomu siku hiyo hiyo na uipe jina lile lile la faili la picha, maana mnunuzi anaweza kuiulizia baada ya miaka.