Kinachofichwa kwenye simu na kinachopungua chumbani

Tangu mimi na mume wangu tulipokubali kuwa wasimamizi wa ndoa ya vijana wawili wanaoishi hapa Dodoma, tumesuluhisha mambo ya kawaida ya ndoa changa: fedha za matumizi, mawifi, kuchelewa kurudi nyumbani. Safari hii nimeletewa jambo ambalo wengi hulimeza kimya, na ninaliandika kwa ruhusa ya wote wawili, nikiwa nimeacha yote yanayoweza kuwatambulisha.

Kijana alihamishiwa huku kikazi, kama watumishi wengi walioifuata serikali makao makuu, na mkewe akabaki Dar es Salaam akisubiri uhamisho. Katika upweke ule akazoea kutazama video za ngono kwenye simu, na mazoea hayo hayakukoma hata mke alipofika. Binti hakuziona video hizo mwanzoni. Alichokiona ni mwenzake kuchelewa kulala, kulaza simu kifudifudi, na unyumba kugeuka kuwa jambo la kumalizwa haraka au kuahirishwa. "Mama, nilidhani kuna mwanamke," aliniambia. "Nilipojua kwamba hakuna, sikupata nafuu niliyoitegemea."

Ninamwelewa kabisa. Mwanamke wa nje angekuwa mmoja, mwenye umri wake na kasoro zake, lakini hawa wa kwenye video hawana idadi, hawachoki, hawaugui, wala hawajatoka kujifungua juzi. Mwaka 1988 watafiti Dolf Zillmann na Jennings Bryant walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani, ambamo wanaume na wanawake walioonyeshwa video za ngono zisizo na ukatili, saa moja kila wiki kwa wiki 6, walieleza baadaye kwamba waliridhika na wenzi wao kidogo kuliko wale ambao hawakuonyeshwa, kuanzia upendo na sura hadi tendo lenyewe. Mwaka 2018 Samuel Perry na Cyrus Schleifer nao walionyesha kwamba Wamarekani walioanza kutazama wakiwa ndani ya ndoa walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kuachana kufikia awamu iliyofuata ya utafiti. Haimaanishi kwamba video pekee ndizo zilizozivunja ndoa hizo, kwa sababu huenda ndoa iliyokwisha kupoa ndiyo iliyompeleka mtu huko.

Kijana mwenyewe anasema yeye ni mgonjwa. Hapo ninasita. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linatambua tatizo la mtu kushindwa kuidhibiti tabia yake ya ngono kwa muda mrefu, kwa kawaida miezi 6 au zaidi, hadi kazi, afya au familia ikaathirika. Lakini linaeleza pia kwamba majuto yanayotokana na imani au maadili peke yake hayatoshi kumwita mtu mgonjwa. Ikiwa kweli ameshindwa kujizuia, hapa mjini tunayo Hospitali ya Mirembe yenye wataalamu wa afya ya akili, na ninasikitika kwamba jina lake bado linawatisha watu ambao ingeweza kuwasaidia. Ikiwa ni aibu inayomsumbua, basi anachohitaji kwanza ni kusema ukweli kwa mkewe, maana kwa binti huyu uongo wa kila usiku umeumiza kuliko picha zenyewe.

Tumepanga mume wangu akae na kijana wakiwa wawili tu, kwa kuwa mwanamume anayehojiwa mbele ya kikao hujibu lile litakalokimaliza kikao. Mimi nitakaa na binti. Hataki kumnyang'anya mumewe simu wala kujua namba yake ya siri. Anataka kujua kama anaruhusiwa kukataa yale anayoombwa ayaige kutoka kwenye video hizo. Nimekwisha kumjibu kwamba anaruhusiwa, na nitalirudia jibu hilo mumewe akiwapo.