Nilivyoacha kudanganywa na uyoga wa visikini

Mara tatu nililala kifudifudi kwenye msitu wa milima ya Cairngorms, Uskoti, na mara zote tatu nikarudi na picha za kitu kingine. Nilikuwa naitafuta Buxbaumia viridis, kuvumwani adimu (mmea mdogo wa kijani wa mahali penye unyevu, "moss" kwa Kiingereza, si kuvu) iliyotajwa kwenye sheria ya Umoja wa Ulaya ya 1992 ya kulinda makazi ya viumbe. Nilichopiga ni Xylaria hypoxylon, uyoga unaoota karibu kila kisiki.

Msinicheke. Kichwani nilikuwa na picha ya kijiti kidogo kilichosimama juu ya mti uliooza, na vyote viwili ndivyo vilivyo. Tena nilitarajia kuona zulia la kijani, maana kuvumwani nilizozizoea ni zulia. Hii haina. Mwili wake ni nyuzi ndogo mno, na kinachoonekana ni kikonyo chekundu-kahawia kisichozidi sentimita moja, kichwani kimebeba kifuko cha kijani kama punje ya mpunga iliyoegemea upande.

Mzee mmoja wa kujitolea ndiye aliyenitoa gizani. "Usiangalie kwa juu," alisema. "Shusha jicho usawa wa gogo, umulike tochi kwa pembeni." Kweli, kile kifuko kikang'aa kijani. Uyoga haung'ai. Ule ni mgumu, mweusi chini na mweupe nchani, kama utambi wa koroboi uliozimwa sasa hivi. Ukiugusa ile ncha, unga mweupe unabaki kidoleni. Kuvumwani yenyewe usiiguse kabisa, kikonyo kinakatika bure.

Kilichonisaidia zaidi ni kujua kila kimoja kinaishije. Uyoga unakula mbao. Kuvumwani haili gogo, inajitengenezea chakula kwa mwanga. Gogo ni kikao chake tu, ila inataka kikao kilicholainika, kisicho na gome, chenye unyevu wa kudumu. Wanaolainisha ni jamii ya hao hao kuvu niliokuwa nawalaani. Basi nikaacha visiki vigumu, nikafuata magogo ya misonobari yaliyooza hadi kidole kinazama.

Siku ya nne nilihesabu vikonyo sita vya kuvumwani yangu. Viwili vilikuwa vikonyo vitupu vilivyosawijika, koa walishakula vifuko. Bila lenzi ya mkono ningeviandika uyoga.