Ninavyoandaa madarasa ya chuo kabla muhula haujafunguliwa

Kazi yangu ni vifaa vya kufundishia katika chuo kimoja hapa kisiwani Mombasa: projekta, spika, kompyuta za ukumbini na mfumo wa masomo mtandaoni. Zamani muhula ukifunguliwa, simu yangu ilikuwa hainyamazi. Siku hizi hulia mara mojamoja, na wala si kwa kuwa tumenunua vyombo vipya. Ratiba ikitoka tu, humfuata kila mkufunzi nikamwuliza atafundisha nini na kwa njia gani, ndipo niende kukitazama chumba.

Majibu yao ndiyo yanayoniongoza. Maalim wa uhasibu hufungua majedwali yenye tarakimu tele. Akipangiwa ukumbi mrefu, wa nyuma hawaoni kitu hata projekta iwe kali vipi. Namwombea chumba kifupi kwa wapangaji wa ratiba, kazi imekwisha. Mwalimu wa uuguzi huonyesha video, na kwake spika ina umuhimu kuliko picha, maana feni za dari zikizunguka zote, sauti ya laptopu haifiki hata safu ya pili. Kuna na mzee mmoja wa hisabati aliyenijibu, "Mwanangu, mimi nipe chaki na ubao uliofutwa vizuri." Nikampa. Projekta ya chumba chake ikahamia kwa mwenye haja nayo.

Adui mkubwa wa vyombo hapa pwani ni hewa yenyewe. Chumvi na unyevu hula ncha za kebo zikaota kutu ya kijani, na vumbi likichanganyika na unyevu hugandamana kwenye chujio la projekta. Chujio likiziba, hewa haipiti, projekta hupata moto na kujizima katikati ya somo. Watu husema imekufa. Haijafa. Nalitoa chujio, nalipiga brashi nje, nakifuta kidirisha cha hewa kwa kitambaa kikavu, nairudisha, inawaka. Vyumba vinavyotazama bahari navipitia mara nyingi zaidi kuliko vile vya upande wa barabara.

Kando ya swichi ya ukutani nimebandika karatasi: zima kwa rimoti, subiri feni inyamaze, kisha uzime ukutani. Projekta zetu nyingi bado ni za taa, na taa ile huwa na joto kali. Ukikata umeme ghafla feni inasimama na joto linabaki ndani. Stima ikipotea yenyewe hakuna wa kulaumiwa, ndiyo sababu nilizipigania UPS ndogo, yaani betri za akiba. Si za kuendeleza somo, ni za kuipa feni dakika chache za kupoza.

Kuhusu kebo, wiki moja kabla ya kufungua nawaomba wakufunzi waje na laptopu zao tujaribu. Mwenye ya zamani ana tundu la picha la VGA, mwingine la HDMI, mwenye mpya ana la USB-C peke yake, na si kila tundu la USB-C hutoa picha. Mengine ni ya kuchajia na kuhamishia faili tu. Heri tujue hivyo kabla wanafunzi hawajajaa darasani. Adapta nazifunga mezani kwa waya, kwa sababu adapta iliyo huru ina miguu.

Wanafunzi nao wana shida yao. Kebo za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zimetua mji huu huu tangu 2009, lakini kijana anayevuka feri kwenda Likoni bado anahesabu bando. Kwa hiyo kwenye Moodle, mfumo wetu wa masomo mtandaoni, nimeweka kikomo cha ukubwa wa faili. Mkufunzi akiniletea video nzito, namshauri apakie sauti na kurasa za PDF, na video ibaki kwenye kompyuta za maktaba kwa anayeitaka. Wengine walinuna mwanzoni. Programu ya Moodle ya simu humruhusu mwanafunzi kupakua somo akiwa kwenye waifai ya chuo akalisoma nyumbani bila mtandao, na hilo nalionyesha mwenyewe kwa kila darasa jipya, simu mkononi.

Wiki ya mitihani sisasishi programu yoyote. Wakuu wakitaka toleo jipya, nawaambia lingoje likizo.